Jina Ambalo Mjomba Hakulitaja

Mama yangu aliwahi kufuga mbwa aliyeitwa Na Wewe Utakufa. Jina hilo lilikuwa la kumjibu jirani yetu wa upande wa chini, ambaye alisema mbele ya watu kwamba mama ndiye aliyemponza baba yangu akafa. Mama hakumjibu. Alitafuta mbwa, akampa jina, na kila jioni akasimama uani kumwita kwa sauti aje ale. Jirani alisikia yote aliyopaswa kusikia, na hakuna aliyeweza kumshtaki mama kwa kumwita mbwa wake.

Hivyo ndivyo tunavyosemana huku Arua, na kwa watoto ni vilevile. Tofauti ni kwamba mbwa hufa mapema, na mtoto huzeeka akiwa bado amebeba hasira za mama yake.

Sitaandika majina yenyewe. Kwetu ukitaja jina, watu wanajua ni boma gani na nani aligombana na nani, na mimi nimechoka na magomvi. Nitaandika maana tu.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu maisha yangu yote, kwanza Ediofe, kisha Omugo, na kila asubuhi nikiita darasa nasikia mashtaka ya wanawake ambao sijawahi kuwaona. Nimefundisha mvulana aliyeitwa Kifo Kimezoea Hapa. Nimefundisha Nitamwambia Nani, mtoto mcheshi aliyekuwa hawezi kunyamaza hata ukimfunga mdomo. Kulikuwa na mmoja aliyeitwa Wanafurahi Nikilia, na aliponijibu "niko, mwalimu" kwa ile sauti yake nyembamba, nilikuwa nawaza huyo mama yake aliishi na watu wa namna gani. Omugo nilipata pia watoto wa wakimbizi kutoka upande wa Juba, ambao baadhi yao huitwa kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa tatu ana jina lake, wa nne lake. Mwaka wangu wa kwanza pale nilimwuliza mtoto mmoja wa tatu kaka zake wawili wanasoma wapi. Alinitazama tu. Tangu siku hiyo sijamwuliza tena mtoto yeyote wa tatu swali hilo.

Mwalimu mmoja kijana aliyeletwa kutoka Kampala aliniuliza kama wazazi wa huku wanawachukia watoto wao. Nilimkasirikia, na hasira yangu huja haraka. Nilimwambia mwanamke aliyeolewa huku ni mgeni katika boma la watu. Wanaume wakikaa kikao yeye yuko jikoni. Wakimsingizia jambo, hana pa kulijibia. Ila akizaa, jina ni lake kulisema, na likishasemwa hakuna mkwe wa kulifuta. La msichana litaondoka naye akiolewa. La mvulana litabaki palepale bomani, liitwe asubuhi na jioni kwenye masikio ya wale waliotengenezewa. Yule kijana alisema "kumbe". Sijui kama alielewa.

Langu mimi ni Waache Waseme. Nimeishi nalo bila taabu, na wanaonijua watakuambia linanifaa.

La ndugu yangu lilikuwa Hawakuja.

Lilikuwa jina nadra sana kwetu, kwa sababu halikuwa la Kilugbara. Mama ni Mkakwa wa Dranya, kule Koboko, na aliolewa Ediofe na Mlugbara, baba yangu. Mimi alinipa jina la Kilugbara, kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya kuwajibu wakwe. Ndugu yangu alimpa jina la Kikakwa, kwa kuwa maneno yale aliyaelekeza kwa kaka zake.

Ilikuwa ile miaka ya kukimbia. Wanajeshi walikuwa wanakuja, majirani wakafunga mizigo kuelekea Kongo, na baba akataka twende nao. Mama alikuwa na mimba na miguu imemvimba. Alikuwa ametuma mtu Dranya kuwaambia kaka zake waje watuchukue, na jibu lilikuwa limerudi kwamba wanakuja. Basi tukangoja. Majirani wakaondoka wote, tukabaki tunangoja. Baba akatoka kutafuta unga, na hakurudi. Tulimkuta kando ya njia ya kwenda mtoni, gunia likiwa tupu. Mama alinishika mkono tukavuka mpaka, sisi wawili tu, na huko Kongo, katika shamba la migomba la mtu tusiyemjua, akazaa. Nilikuwa na umri wa kuanza shule. Mimi ndiye niliyeshika kitambaa cha kumpokelea mtoto. Mtoto alipolia, mama alimtazama muda mrefu akasema jina lake, na hakulifikiria mara mbili.

Ndugu yangu alikua akawa mpole kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Sijui upole huo aliutoa wapi, maana kwa mama hakuutoa. Alifanya biashara ya ufuta na maharage, akinunua Omugo kwa wakimbizi na kuuza soko la Arua, na mizani yake haikuwa na ujanja. Watu wa Ediofe hawakujua maana ya jina lake, wakawa wanamwuliza. Kila aliyeuliza alipewa maana yake. Padri aliambiwa maana ni "shamba limefunguka." Mama mkwe wake aliambiwa "mvua imechelewa." Wauza nyanya waliambiwa "mwenye shingo ndefu," wakacheka, kwa sababu kweli alikuwa nayo. Mimi nilikuwa namtazama akidanganya bila haya, nikidhani ni utani wake tu.

Omugo ndiko hakuweza kudanganya. Wapo wakimbizi kule wanaosema Kikakwa, waliovuka kutoka Yei. Siku moja nilikuwa naye wakati anapima ufuta wa bibi mmoja. Bibi akamwuliza jina, akaambiwa, akaushika mdomo wa gunia. Kisha akamwuliza, "Nani hawakuja?" Ndugu yangu akasema, "Wageni, bibi." Bibi akasema, "Hata kwetu hawakuja." Akaongeza vikombe viwili vya ufuta juu ya kilichopimwa, akakataa vilipiwe.

Mwaka jana macho yake yaligeuka manjano. Alisema ni malaria, akanywa dawa za malaria. Kisha tumbo likaanza kujaa maji, mikono na kifua vikakonda, na ile shingo ndefu ikawa mifupa tu. Daktari wa Arua alikuwa mtu mwema. Alituketisha, mimi na mke wa ndugu yangu, akasema ini limekwisha, na kwamba tumpeleke nyumbani akae na watu wake. Nilimwelewa. Sijawahi kuwa mtu wa kujidanganya, na tangu siku ile sikuwa na tumaini lolote.

Nyumbani wazee wa boma walisema maneno niliyojua watayasema. Ugonjwa ukishinda hospitali, huulizwa wajomba. Moyo wa mjomba ukiwa na uchungu, mtoto wa dada yake hawezi kupona. Dawa yake ni mjomba mwenyewe aje, achukue maji ya kibuyu mdomoni, ampulizie mgonjwa kifuani na kulitaja jina lake, na uchungu utoke. Mimi nilisema wazi kwamba maji hayatengenezi ini. Ndugu yangu, aliyekuwa amelala kwenye mkeka kivulini kwa sababu kitanda kilimuumiza, akasema, "Dada, mwite."

"Unataka nini naye? Maisha yako yote hajakupa hata kuku."

"Sitaki kuku. Nataka aniite."

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilikuwa nimeliona siku zote bila kuliona. Tulipokuwa tukienda misiba ya Dranya, ndugu yangu alikuwa akimpelekea mjomba sukari na sabuni, na mjomba alikuwa akisema, "Wewe kijana, weka hapo." Wewe kijana. Hata ndugu yangu alipokuwa na mvi mbili tatu kidevuni aliitwa kijana. Katika maisha yake yote mtu yule hakuwahi kulitaja jina lake.

Nilikwenda Dranya peke yangu. Mambo ya jina hayatumwi kwa simu. Mjomba, wa mwisho aliyebaki kati ya kaka za mama, nilimkuta nyuma ya nyumba akigeuza muhogo uliokuwa umeanikwa juu ya jabali. Alikuwa askari zamani, na mgongo wake bado umenyooka. Mimi Kikakwa changu ni cha kuombea maji tu, na yeye Kilugbara hakitaki, kwa hiyo tangu utoto tumezungumza Kiswahili, yeye kile chake cha kambini.

"Nani iko mgonjwa?" akaniuliza, ingawa alikuwa ameshasikia.

"Ndugu yangu, mjomba."

"Ndugu gani?"

Nikajua anataka nini. Nikalitaja jina. Aligeuza vipande kadhaa vya muhogo kabla ya kuniangalia.

"Wewe naona sasa?" akasema. "Hata wewe nasema polepole. Hiyo maji nataka jina. Mutu nasimama, naweka maji kwa mdomo, napuliza, naita jina ya mtoto. Sasa mimi nasimama mbele ya mutu yote nasema nini? Nasema Hawakuja, na mimi iko hapo, nimekuja?"

"Basi tumia lile la ubatizo."

"Ile iko ya padri. Maji hii hapana jua hiyo jina."

Nilikuwa nimeanza kukasirika. Nikamwambia kwamba jina ni la kweli, kwamba nilikuwepo, na kwamba mimi mwenyewe nilisimama barabarani nikitazama upande wa Koboko mpaka macho yakauma. Nilimwambia baba yangu alikufa kwa ajili ya kuwangoja. Aliniacha niseme yote. Kisha akakaa juu ya jabali, palepale kwenye muhogo.

"Wewe hapana jua ndugu yetu ile ndogo," akasema. "Ile ya mwisho. Mama yako alimbeba mgongoni. Sisi tulitoka hapa watu watatu, asubuhi. Yeye alikuwa na baisikeli. Alisema yeye natangulia, nachukua watoto, sisi nafuata na mguu. Askari ilikuwa kwa barabara. Sisi tulifika, tulikuta baisikeli, tulikuta yeye. Tulizika yeye kando ya barabara na mikono, hata jembe hapana. Halafu tulirudi, tulibeba watoto yetu, tulikimbia Sudan. Mama yako nazaa, naita mtoto Hawakuja. Moja alikuja. Alikuja mpaka alikufa."

Niliinama, nikaanza kugeuza vipande vya muhogo alivyokuwa ameviacha.

"Mimi nikiita hiyo jina," akasema, "natukana ile iko chini kando ya barabara. Mama yako nabadilisha jina, kesho mimi nakuja. Hapana badilisha, mimi nakaa."

Nilirudi Ediofe na hasira zangu zote zimegeuka upande wa pili. Mama alikuwa jikoni akichambua majani ya kunde. Nilimwuliza, kwa Kilugbara, kama alijua habari za kaka yake mdogo.

"Najua," akasema. "Niliambiwa tuliporudi kutoka Kongo. Nililia mpaka sauti ikakauka."

"Na jina hukulibadilisha?"

"Angeitwa nani? Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea. Alikuwa anageuka akiitwa."

"Mama, yule mtu alikufa akija kwetu."

"Na baba yako alikufa akiwangoja." Hakuinua macho kutoka kwenye majani. "Aliniambia tuondoke. Nikamwambia subiri, kaka zangu hawawezi kuniacha. Nilimwambia hivyo asubuhi ile ile. Unataka niseme walikuja? Nani alikuja? Nilizaa kwenye migomba ya watu, na wewe ndiye uliyekuwa mkunga wangu, mtoto hata jino la mbele huna."

"Mjomba anataka jina libadilike ndipo aje."

"Basi na asije. Atakuwa anafanya alichozoea."

Nilitoka nje kwa sababu nilitaka kumpigia kelele, na mama yangu ni mzee. Wote wawili walikuwa na haki. Hilo ndilo lililonichosha. Kama mmoja wao angekuwa mwongo ningejua pa kusimama.

Ndugu yangu alikuwa amesikia. Jikoni na kivulini si mbali. Nilikaa kando ya mkeka, na kwa muda tukawatazama kuku tu. Nikamwuliza kama alijua habari za yule mjomba wa baiskeli.

"Tangu nikiwa mvulana," akasema. "Niliambiwa Dranya, kwenye msiba. Watoto wa kule waliniambia wakinicheka."

"Na hukuniambia."

"Ungemkasirikia mama." Alipumzika kidogo, kwa kuwa maneno yalikuwa yanamchosha. "Ndiyo maana nilikuwa nawaambia watu maana nyingine. Nilikuwa naona vibaya kumsema marehemu kila mtu akiniuliza jina."

Kwa hiyo shamba lililofunguka, mvua iliyochelewa, na shingo ndefu, vyote vilikuwa kwa ajili ya mtu aliyezikwa kwa mikono kando ya barabara. Nililia, sikujificha. Ndugu yangu akanipigapiga goti kwa kile kiganja chake kikavu akasema nisilie, kuku wataogopa.

Alizidi kuwa mbaya. Uji aliopikiwa na mke wake ulikuwa unarudi. Alikuwa analala mchana na kuamka akiuliza kama mjomba amefika, na tukawa tunamwambia bado, na yeye anasema sawa. Siku moja aliuliza, tukamwambia bado, naye badala ya kusema sawa akasema, "Kweli mama aliona mbali." Alisema kwa utani, akitabasamu, na mama alikuwa karibu, ameshika kikombe cha maji. Mama alikiweka chini. Akaingia ndani, akakaa muda, na alipotoka alikuwa amefunga kitambaa chake cha kanisani.

"Nenda Dranya," akaniambia. "Mwambie nimelibadilisha. Mtoto wangu anaitwa Wako Njiani."

Alilisema kwa Kikakwa, kisha akalirudia ili nisilikosee. Nilimwona tu anavyolisema, anavyolisukuma kutoka kinywani, na nilijua limemgharimu kiasi gani. Alikuwa amefuta maneno pekee ambayo aliwahi kuwaambia kaka zake na yakasikiwa. Kisha akachukua kibuyu kidogo, akakiosha mara kadhaa, akakijaza maji safi, akakifunika kwa sahani na kukiweka karibu na kichwa cha mgonjwa. "Yasikose akifika," akasema.

Rafiki wa ndugu yangu, mfanyabiashara mwenzake, alinipeleka na pikapu yake. Mjomba alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Nilipolitaja jina jipya, midomo yake ililijaribu bila sauti, mara moja, mara mbili. Akamwambia mke wake alete koti. Lilikuwa koti la siku za sherehe, zito, na jua lilikuwa kali, lakini alilivaa akafunga vifungo vyote. Njiani alikaa mbele, mikono juu ya magoti, na alichozungumzia ni barabara tu. Mahali fulani kabla ya Maracha alimwomba dereva apunguze mwendo. Akatazama dirishani, kwenye kichaka ambacho mimi sikuona tofauti yake na vichaka vingine, na tulipokipita akasema, "Haya, kwenda."

Simu yangu iliita tulipofika Maracha. Alikuwa mke wa ndugu yangu. Nilisikia nyuma yake wanawake wanalia.

Nilimwambia dereva asimame. Nilimwambia mjomba. Alifungua kifungo cha juu cha koti, akakifunga tena.

"Sasa?" akauliza.

"Sijui, mjomba. Kama unataka kurudi, tutakurudisha."

"Mimi hapana rudi tena," akasema.

Tulifika Ediofe mchana. Uani kulikuwa kumejaa, wanaume upande mmoja, wanawake wamekaa chini kuzunguka mkeka. Walikuwa bado hawajamwosha, walikuwa wananisubiri mimi. Mama alikaa kichwani pake, na kibuyu kilikuwa palepale, kimefunikwa kwa sahani. Watu walipomwona mjomba na lile koti walimpisha. Alikwenda mpaka kwenye mkeka. Hakuketi, hakumsalimia dada yake. Aliinama akatoa sahani, akachukua kibuyu kwa mikono miwili, akachukua funda moja mdomoni, na kumpulizia ndugu yangu kifuani. Matone mengine yakamwangukia mama magotini. Kisha akaita jina.

Aliita Hawakuja. Alilitaja sawasawa, kwa ule wimbo wa Kikakwa ambao sisi wa Ediofe hatujawahi kuuweza, kama ndugu yangu alivyopaswa kuitwa tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe ndipo nilipolisikia jina la ndugu yangu vizuri.

Mama akainua uso. "Ile mpya," akamwambia. "Mimi nilikupa ile mpya."

Wangeweza kusemezana Kikakwa. Walisema Kiswahili, nadhani kusudi boma zima lisikie, na wakwe nao.

"Ile mpya iko uongo," mjomba akasema. "Hii iko kweli. Hatukuja, dada. Sisi yote hatukuja. Ile alikufa, hakufika. Mimi nilirudi. Leo pia hapana fika."

Nilimtazama mama. Miaka yote ile aliyasubiri maneno hayo. Aliyatafutia mtoto, akamtuma mtoto ayadai kila alipoitwa, na sasa aliyekuwa anadaiwa amesimama mbele yake na koti la sherehe, jasho linamtoka, anayasema mwenyewe mbele ya watu. Nilidhani atalia, au atamshika mkono.

"Ambia yeye," mama akasema, akiuelekeza uso kwenye mkeka. "Mimi hapana taka tena."

Mjomba alibaki amesimama na kibuyu. Hakujua akiweke wapi. Mwishowe nilikipokea mimi, na mtu akamletea kiti upande wa wanaume, akaketi pale bila kufungua koti mpaka jua lilipoteremka.

Mama aliniambia tuanze kumwosha kwa maji yaleyale ya kibuyu, yasimwagwe bure. Nilimwosha uso, nikamwosha shingo, na yakaisha hata kabla sijafika mabegani. Nikachukua dumu nikaenda bombani.